Chuo Kisichotoa Taka

Shangazi yangu amechambua taka miaka kumi na tisa na bado anaona kinyaa. Watu hawaamini. Wanadhani mtu aliyezoea jalala pua yake imekufa, kwamba anaweza kula huku mguu mmoja uko ndani ya kiroba cha uchafu. Yeye akikutana na nepi hugeuza uso, hutema mate pembeni, kisha huinyanyua kwa vidole viwili kama aliyeshika panya mkia. Kila mara ni hivyo hivyo.

“Siku kinyaa kikikuisha,” aliniambia wiki yangu ya kwanza ya kazi, “acha. Maana hutajua tena umeshika nini.”

Yadini kwetu wanamwita Pua. Yadi yenyewe ni paa la mabati, meza moja ndefu ya mbao, na wanawake sita wanaokaa pande mbili za meza hiyo tangu lori la kwanza likishusha hadi jua likipoa. Yeye hukaa upande wa karatasi. Kabla ya kumwaga kiroba hukifungua mdomo kidogo, huvuta pumzi moja tu, halafu husema kimetoka wapi. Hiki cha hospitali ya meno. Hiki cha benki, hawa wanakunywa kahawa mchana kutwa na chakula hawali. Dereva wa lori, ambaye ndiye anayejua viroba vilikochukuliwa, hutikisa kichwa na kusema, “Mama, wewe ungekuwa polisi tungekwisha.” Wanawake wa pale wana imani yao moja: mtu huweza kukudanganya kwa mdomo, kwa nguo na hata kwa machozi, lakini kiroba chake hakijui kudanganya.

Nyumbani ana mtoto mmoja tu wa kumzaa, msichana, ninayemwita Dada kwa sababu amenitangulia miaka mitatu. Mimi niliishia darasa la tano nikaja kukaa nao. Dada alisoma mpaka mwisho, na matokeo yalipotoka mtaa mzima ulijua. Akasema anataka digrii ya sayansi ya uendelevu.

“Ndiyo nini hiyo?” Shangazi aliuliza.

“Ni kujua namna ya kuishi leo bila kula ya kesho.”

“Basi hiyo ninayo. Bado cheti tu.”

Dada hakucheka. Dada haoni cha kuchekesha kwenye taka. Shangazi akirudi kutoka kazini sharti aoge kwenye bomba la nje kwa sabuni ya kufulia kabla hajavuka mlango, na ndala zake hulala nje. Kikombe chake kina alama ya rangi nyekundu chini, ili kisichanganywe. Changu pia. Hakuna aliyewahi kutangaza sheria hiyo. Ilianza tu siku moja, na Dada akiwa amesimama mlangoni, amekunja pua, anatuangalia tunavyojisugua mpaka viwiko.

Vyuo viwili vilimkubali. Alitakiwa athibitishe kimoja kwenye kompyuta kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, na ukishathibitisha huwezi kurudi nyuma. Ukikosea, umekosea miaka minne. Cha kwanza sisi tulikiita Chuo cha Vioo, kwa sababu ndivyo kilivyo, kioo juu mpaka chini. Cha pili kilikuwa mbali, lami inapoishia, na kwenye picha yake pekee yalionekana mabati, basi tukakiita Chuo cha Mabati.

Cha Vioo kilijileta chenyewe. Kwenye maonyesho ya vyuo Dada alipewa mfuko wa kitambaa, chupa ya maji, kalamu, kishikio cha funguo chenye umbo la jani, na kijitabu kinene chenye jani hilo hilo kwenye jalada. Alikilaza mezani pale nyumbani kama mtu anayelaza mtoto. Alikuwa ameosha mikono kwanza.

Shangazi alikichukua. Alikinusa. Halafu akashika ukurasa wa mwisho, ule usio na maandishi mengi, akauchana polepole.

“Mama.”

“Tazama.”

Pale penye mchaniko karatasi ilikuwa imekatika, lakini juu yake kulibaki utando mwembamba unaovutika kama ute wa bamia. Shangazi aliuvuta mpaka ukawa uzi.

“Hii yadini tunaiita karatasi mwongo,” alisema. “Imepakwa plastiki. Kinu cha karatasi hakiitaki na kinu cha plastiki hakiitaki. Mwisho wake ni kuchomwa moto ama kuoza miaka mia. Wanakufundisha kutunza dunia kwa kitabu hiki?”

“Umechana kitabu changu cha chuo.”

“Ukurasa mmoja. Kizuri chajiuza, mwanangu, kibaya chajitembeza. Hiki kimetembea mpaka mezani kwangu.”

Dada alikusanya vitu vyake akavirudisha kwenye mfuko wa kitambaa. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kila kitu kikiingia nyumba hii lazima kigeuzwe taka.

Ndipo Shangazi akafanya kosa ambalo ni mchambua taka peke yake angelifanya. Kesho yake aliuliza yadi nzima kuhusu Chuo cha Mabati. Nani amewahi kufungua kiroba kilichotoka kule? Hakuna. Akamngoja Dereva.

“Napita ile barabara mwaka wa nane sasa,” Dereva alisema. “Hawajawahi kuniita. Hata mfuko mmoja.”

Wanawake wakatazamana. Mmoja wao, Mama Pacha, akasonya. Pakiwa na watu pana taka. Hata msibani pana taka. Chuo kizima miaka minane bila kiroba, hicho si chuo, ni kibao cha barabarani na akaunti ya mjanja fulani. Shangazi alirudi nyumbani amekata shauri: Dada asikiguse, ni chuo hewa.

“Ngoja nielewe,” Dada alisema. “Huyu anatoa taka, ni mwongo. Huyu hatoi taka, ni hewa. Nisome wapi sasa, mawinguni?”

Shangazi alikuwa anaogopa, na niliona kuliko alivyotaka nione. Alikunja khanga, akaikunjua, akaikunja tena. Mwisho akasema Jumatano haendi kazini. Tutaenda kuviona vyote viwili kwa macho, watatu.

“Na huyu wa nini?” Dada aliuliza, akimaanisha mimi.

“Huyu hana maneno. Ana macho.”

Chuo cha Vioo kilikuwa na baridi ndani. Ukutani palikuwa na kidude kinachopuliza manukato kila baada ya muda, psss, na Shangazi kila kikipuliza alipiga chafya. Dada alikuwa amevaa blauzi nyeupe aliyoipiga pasi mara mbili. Alitembea hatua mbili mbele yetu, si mbali sana mpaka ionekane ametukana, lakini mbali kiasi cha kutosha.

Tulipewa msichana wa kututembeza, mwenye beji shingoni na kucha ndefu. Alizungumza vizuri. Alisema chuo chao kitafikia sifuri ya taka, yaani hakitatupa kitu, ndani ya miaka mitano. Alisema mambo mengi yenye neno kijani. Dada aliandika kwenye daftari, na uso wake ulikuwa umefunguka hivi ambavyo nyumbani haufunguki.

Kisha tukafika kwenye ukumbi, na pale katikati palikuwa na sanduku zuri la mbao lenye midomo mitatu. Mmoja umeandikwa karatasi, wa pili plastiki, wa tatu mabaki ya chakula. Kila mdomo na rangi yake. Watu waliokuja kutembea kama sisi walikuwa wanapiga picha mbele yake.

Shangazi alisimama. Hakulisogelea. Alivuta pumzi moja tu.

“Midomo ni mitatu,” alisema, “tumbo ni moja.”

Msichana wa beji alicheka kwa adabu, akidhani ni fumbo la watu wazima. Dada alimgeukia mama yake kwa jicho lile linalosema usiniaibishe. Kisha, nadhani ili amnyamazishe, akalifungua sanduku kwa nyuma.

Ndani kulikuwa na mfuko mmoja mweusi.

Wali ulikuwa umelalia vijitabu vyenye jani. Mtindi ulikuwa unachuruzika juu ya chupa. Palikuwa na betri, nywele za bandia, mfupa wa kuku uliotafunwa ukaachwa na mate yake, na kijitabu kingine, na kingine, watu walikuwa wanapewa mlangoni na kuvitupa ukumbini. Harufu ilipanda ikakutana na ile ya manukato, na sijui ipi ilikuwa mbaya zaidi. Hata mimi niliyezoea niligeuza uso.

Dada alitia mkono. Dada, ambaye ndala zetu hataki kuzikanyaga. Alivuta kijitabu kimoja, akachana kona, utando ukavutika. Akavuta kingine akachana. Mkono ulikuwa umelowa mtindi wa mtu mpaka kwenye kifundo na kipande cha wali kimeganda kwenye kishikizo cha blauzi.

“Acha, dada, jamani,” msichana wa beji alisema, akirudi nyuma. “Utachafuka. Kuna watu wa kazi hiyo.”

“Watu gani?”

“Si wale, wa taka.” Na akakunja pua.

Ilikuwa ni namna ile ile. Pua inapanda kidogo, mdomo unajivuta upande mmoja, macho yanashuka mpaka kwenye mikono ya mtu na kukaa hapo. Mimi niliijua. Naiona kila jioni kwenye bomba la nje. Dada alibaki amesimama na mkono wake unachuruzika, anatazama ule uso.

Shangazi ndiye aliyesema. Hakupandisha sauti.

“Mifuko hii huja kwetu Jumanne. Yote myeusi, yote ina jani. Mwaka juzi ndani ya wali kulikuwa na chupa ya maabara yenu, haijafungwa vizuri.” Alivuta mkono wa gauni akaonyesha kovu lake, lile jeupe linalozunguka kifundo kama bangili. “Nilidhani ni maji.”

Dada alilitazama kovu kana kwamba ndiyo kwanza analiona. Miaka miwili alikuwa ameambiwa ni mafuta ya moto ya kukaangia.

Msichana wa beji alisema atamwita mkubwa wake. Hakurudi. Tulingoja, kile kidude kikapuliza mara tatu, tukatoka.

Nje Dada alinawa kwenye bomba la bustani. Alinawa mpaka ngozi ikawa nyekundu, akanusa vidole, akanawa tena.

“Hainawiki kwa maji matupu,” Shangazi alisema. “Mpaka sabuni ya kufulia.”

“Ninajua,” Dada alisema.

Chuo cha Mabati tulikifikia mchana, vumbi mpaka magotini. Shangazi alianza kunusa tukiwa bado mbali. “Sisikii kitu,” alisema, na ilimtia wasiwasi zaidi. Tulipovuka lango tukakuta watu. Wanafunzi wengi tu, wengine kwenye mabenchi, wengine wanachimba, wengine wanabishana juu ya ubao. Majengo yalikuwa mabaya, rangi imebanduka, madirisha mawili yamezibwa kwa mbao. Shangazi alisimama akiwatazama kama mtu aliyekuta marehemu wanakula chakula cha mchana.

Mwalimu aliyetupokea alikuwa mwanamume wa makamo, mabuti ya mpira miguuni, shati limetoka nje. Hakutupa kijitabu. Aliuliza tumekuja kwa ajili ya nani, Dada akajitaja, akasema karibu.

“Nina swali moja tu, Mwalimu,” Shangazi alisema. “Taka zenu mnapeleka wapi?”

“Wazazi wengi huuliza kuhusu mabweni,” Mwalimu alisema. “Njooni.”

Chumba alichotuingiza kilikuwa na rafu mpaka juu, na kwenye rafu trei pana za mbao. Nilisikia kabla sijaona. Ilikuwa sauti kama mvua nyepesi juu ya majani makavu, isiyokatika. Halafu nikaona kwamba kilichomo kwenye trei kinatembea. Funza. Si kumi wala mia, ni funza kama mchele, wamepandana, wanajinyonganyonga, wanapanda juu na kuzama, na katikati yao ganda la yai likizungushwa kama mashua mpaka likazama nalo. Joto lilikuwa linatoka mle kama pumzi ya mnyama.

“Mabaki yote ya jikoni huliwa na hawa,” Mwalimu alisema, na akatia mkono mtupu ndani akawachota. Walimwagika kati ya vidole. “Wakinenepa huliwa na kuku. Kinachobaki ni mbolea. Wakizidiwa chakula ndipo hunuka, kwa hiyo hatuwazidishii.”

Dada alishika mdomo. Mabega yalimruka mara moja, mara mbili.

“Kama ni kutapika,” Mwalimu alisema kwa upole, “tapika kwenye trei ya tatu. Hao hawajala leo.”

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu nimekuja kwao. Dada alikimbilia nje.

Nilimkuta amechutama nyuma ya jengo, machozi yanamtoka. Hakutapika. Mbele yake palikuwa na baraza la bweni, na nje ya kila mlango kimening'inia kiroba chenye jina. Mwalimu alipotufikia Dada alivionyesha kwa kidole.

“Hivyo ni vya plastiki na kila kitu ambacho funza hawali,” Mwalimu alisema. “Kila mwanafunzi na chake, muhula mzima. Hakuna kutupa. Siku ya mwisho kila mmoja anakimwaga mbele ya darasa na kueleza.”

“Mbele ya watu?”

“Mbele ya watu. Wote hulia mwaka wa kwanza.”

“Kila kitu?”

“Kila kitu, mwanangu. Na vile unavyofikiria pia.”

Dada alikunja uso kwa kinyaa ambacho sijawahi kukiona hata kwenye bomba la nje.

“Halafu baada ya kumwaga?” Shangazi aliuliza.

Hapo Mwalimu alikuna kichwa. Alitupeleka kwenye banda la mwisho akafungua mlango, na plastiki ikamwagika mpaka kwenye mabuti yake. Banda lilikuwa limejaa hadi darini. “Hapa tumeshindwa,” alisema. “Miaka minane. Tunaosha, tunatenga, lakini kila tukijaribu kuyeyusha inakuwa uji unaovunjika. Hatujui tunakosea wapi.”

Shangazi aliingia. Alichukua kifuniko, akakikunja, akakinusa. Alichukua chupa, akaigonga kwa ukucha akisikiliza. Akatema mate pembeni.

“Mmetenga kwa rangi,” alisema. “Nani aliwaambia kutenga kwa rangi? Hii na hii zote nyeupe, lakini ni kama mafuta na maji. Hii ukiikunja inaacha alama. Hii haiachi. Gonga usikie. Mtoto wa shule ya vidudu angejua.” Alinigeukia. “Mwonyeshe.”

Nikaonyesha. Mwalimu alitoa daftari mfukoni na kuandika, akauliza, akaandika tena. Dada alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa akimtazama Mwalimu. Alikuwa anamtazama mama yake amepiga magoti kwenye uchafu wa watu, amevaa viatu vyake vya harusi, anamkaripia msomi.

Shangazi alisubiri mpaka tukafika kwenye lami. “Nilisema chuo hewa,” alisema. “Nimekosea. Pua yangu imezoea kinachotoka. Hawa hakiwatoki.”

“Mimi pale siendi,” Dada alisema. “Siwezi. Funza wanatembea mpaka sasa mgongoni kwangu. Siwezi kumwaga vitu vyangu mbele ya wanaume.”

“Basi usiende.”

“Na kule kwingine siendi.”

“Kwingine hakuna.”

Alhamisi hakula. Shangazi naye hakusema neno, maana alijua akisema kimoja Dada atachukua kingine kwa hasira. Ijumaa saa tisa kasorobo tulikuwa kwenye duka la kompyuta, watatu tumebanana kwenye benchi la watu wawili, na kijana wa duka anatafuna kijiti.

Alijaza jina. Alijaza tarehe. “Kazi ya mzazi?”

“Mfanyabiashara,” Dada alisema haraka, kama alivyosema miaka yote.

Nilimtazama Shangazi. Alikuwa anatazama kucha zake. “Si nauza?” alisema. “Andika.”

Kijana akaandika. “Sasa hapa. Viko viwili. Ukibonyeza umebonyeza, dada, mimi sina mamlaka ya kurudisha. Kipi?”

Feni ilizunguka. Nyuma yetu mtu akaguna kwamba foleni ni ndefu.

“Yule msichana,” Dada alisema, si kwa kijana bali kwa ukuta, “alivyokuwa ananiangalia mkono.” Shangazi hakuinua macho. “Unajua, Mama, nilitaka kumpiga.”

“Ninajua.”

“Wewe hujawahi kutaka kunipiga?”

“Kila siku,” Shangazi alisema. “Halafu naoga.”

Kijana wa duka aliacha kutafuna. Dada alipitisha mkono juu ya bega la kijana, akashika kipanya mwenyewe, akabonyeza cha pili, kile cha funza. Alifanya hivyo amekunja uso mzima, kama mtu anayemeza dawa chungu.

“Nachukia wale wadudu,” alisema.

“Hata mimi,” Shangazi alisema. “Usiache kuwachukia. Ukiwazoea nitakuja kukutoa.”

Mashine ikakohoa ikatoa barua ya uthibitisho. Dada aliishika mbele ya mwanga, kisha akachana kona ya chini, ndogo, mahali pasipo na maandishi. Sote tuliinama kutazama. Ilikatika safi, yenye nyuzi nyuzi, hakuna kilichovutika.

“Umechana barua yako ya chuo,” Shangazi alisema.

“Kona tu.”

“Ya kweli?”

“Ya kweli.”

Dada alibaki na kile kipande kati ya vidole viwili. Alitazama chini, alitazama pembeni mwa meza, alitazama mlangoni. Pipa halikuwepo. Akakitia mfukoni.